Aya Aliyoifunga Mwalimu Jaleha

Wanawake wa Hatulesi wana midomo, na hawaoni haya kuitumia. Wakikutana watatu tu, sokoni au mtoni, hakuna siri ya mtu itakayobaki salama. Lakini wanawake hao hao walikaa mbele ya Jaleha Wakano kila Alhamisi baada ya alasiri, miaka kumi na tisa mfululizo, wametulia tuli kama maji ya mtungini. Jaleha hakuwa mkali wa kupiga kelele. Alikuwa mkali wa kunyamaza. Ukimuuliza jambo la kipuuzi alikutazama tu, kisha akageukia chai yake, nawe ukatamani ardhi ipasuke uingie.

Hakuwa mtu wa cheo. Asubuhi alianika karafuu zake kwenye mikeka kando ya njia, akiwafukuza kuku wa jirani kwa maneno ambayo mwalimu wa dini hakupaswa hata kuyajua. Adhuhuri alipika papeda, sago ile laini inayovutika kama gundi, na mchuzi wa samaki wenye manjano na ndimu. Elimu aliipata kwa baba yake, aliyekuwa imamu wa kijiji. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akamfundisha binti huyu Kiarabu na tafsiri ya Qur'ani mpaka majirani wakanung'unika. Akaolewa na Latif, mchuuzi wa karafuu, mtu wa mizaha, wakapata mtoto mmoja, Mukhlis. Halafu yakaja machafuko. Waislamu na Wakristo wa visiwa vya Maluku wakauana kwa miaka mitatu, na siku moja Latif akaenda sokoni asirudi kwa miguu yake.

Watu wa Hatulesi waliporudi kutoka porini walikuta nyumba zimekuwa majivu na msikiti hauna paa. Wanaume wakashika misumeno. Jaleha akatandika mkeka kwenye baraza ya nyumba isiyokwisha kujengwa, akawaita wajane wenzake, akaufungua msahafu ukurasa wa kwanza.

Alikuwa na utaratibu wake. Mwanamke mmoja alisoma aya. Jaleha akaeleza maana yake, kisha akaeleza iliteremka kwa sababu gani, ikiwahusu nani. Hapo wengi wangeridhika, lakini yeye ndipo alipoanza. Aliuweka msahafu juu ya mto, akawatazama mmoja mmoja na kuuliza, "Na sisi je?" Kwa maana sababu ya kuteremka kwa aya, aliwaambia, haiyafungi maneno yake. Mungu alisema na watu wa siku ile, na anasema nawe uliyekaa hapo na samaki wako wanaokungoja jikoni. Kila mwanamke alipaswa kujibu kwa jambo la nyumbani kwake. Aya ya mizani iliwafanya wawili walie, na mmoja abadilishe kopo lake la kupimia mchele.

Basi katika mzunguko wa kwanza walifika Sura ya Maida, kwenye aya inayosema kuwa watu utakaowaona wako karibu zaidi na waumini kwa mapenzi ni wale wasemao "sisi ni Wanasara", yaani Wakristo, kwa kuwa miongoni mwao wamo makasisi na watawa, na kwa kuwa hawajivuni. Na aya inayofuata inasema macho yao hububujika machozi wanapoitambua haki. Msomaji alisoma, akainua macho kumtazama Jaleha. Watu waliokaa pale mkekani walikuwa wamezika waume na kaka. Jaleha akasema kwa haraka, "Hii ilishuka kwa ajili ya wajumbe wa mfalme wa Uhabeshi, walisomewa Qur'ani wakalia. Ni ya wale. Imekwisha kazi yake. Endelea."

Hakuuliza, na sisi je. Hakuna aliyemlaumu. Kusema kweli walimshukuru, maana siku ile nani angeweza kujibu? Mzunguko wa pili ulipofika pale pale, miaka tisa baadaye, akasema vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, na kwa haraka ile ile.

Mukhlis alikulia ndani ya sauti hiyo. Alihifadhi tafsiri za mama yake kama watoto wengine wanavyohifadhi nyimbo. Alipokua akaenda Java kusoma chuo cha dini, akarudi ana ndevu nadhifu, sauti nzuri na msimamo usiopinda. Akafanywa naibu wa imamu. Jaleha alipokuwa nyuma ya pazia la wanawake akimsikia mwanawe akihutubia, alijiona amepata kila alichokosa. Yule alikuwa ndiye faraja yake, na hakuficha.

Yaliyomkuta yalianzia kwenye mchwa.

Msikiti wa Hatulesi una nguzo nne za katikati. Tatu ni za mti ule mgumu ambao watu wa huko huuita mti wa chuma, na zilinusurika moto. Ya nne iliungua, wakaweka gogo la mnazi kwa muda, na muda huo ukawa miaka ishirini. Sasa mchwa walikuwa wameimaliza, unaweza kuingiza kidole. Na nguzo za msikiti wa Hatulesi, tangu mababu, hazikatwi na watu wa Hatulesi. Hukatwa na watu wa Amaputi.

Amaputi ni kijiji cha Wakristo upande wa pili wa rasi. Vijiji hivi viwili ni pela. Mababu zao walikula kiapo cha undugu, wakachanganya damu katika kikombe kimoja, na kiapo hicho hakiulizi unasali wapi. Watu wa pela hawaoani, kwa kuwa ni ndugu. Mmoja akimwomba au kumwamuru mwenzake jambo, halikataliwi. Kanisa la Amaputi huezekwa na mikono ya Hatulesi, na msikiti wa Hatulesi husimama juu ya mbao za Amaputi. Ndivyo ilivyokuwa mpaka machafuko. Waliokuja kuwaua watu wa Hatulesi hawakuwa watu wa Amaputi, walitoka mbali, nyuso ngeni. Lakini Amaputi walijifungia ndani, na baada ya hapo kila kijiji kilikionea kingine haya, na haya ikikaa sana huanza kufanana na chuki.

Mwaka huu Amaputi wakaleta ujumbe kwa mkuu wa kijiji, Bapa Raja, kwamba mti umekwisha angushwa. Mzee wa kanisa lao, Domingus Sahetapy, anayejulikana na kila mtu kama Oom Minggus, yaani Mjomba Minggus, ndiye aliyeuchagua mwenyewe msituni. Wakitaka, utaletwa kabla ya Ramadhani.

Ijumaa iliyofuata Mukhlis alipanda mimbari. Alisoma aya ya Sura ya Toba isemayo kuwa si kazi ya washirikina kuiamirisha misikiti ya Mungu. Akasema nguzo ile isipokelewe. Halafu akasema, "Najua mtaniambia, mbona Maida inawasifu Wanasara? Ndugu zangu, jibu mnalo majumbani mwenu. Wake zenu wamefundishwa miaka kumi na tisa, na mimi nimefundishwa na mwalimu huyo huyo. Aya ile ilikuwa ya wajumbe wa Uhabeshi. Imekwisha kazi yake."

Nyuma ya pazia wanawake wote wakamgeukia Jaleha. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Jioni alimwekea mwanawe chakula, akakaa mbele yake.

"Mwanangu, tafsiri ile ya Maida. Haikutimia."

Mukhlis alikuwa akizungusha papeda kwa vijiti vyake viwili. "Haikutimia vipi, Mama?"

"Nilisema sababu ya kushuka. Sikusema zaidi."

"Kwa sababu hakuna zaidi. Mama, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na aya ya Toba inawataja washirikina wa Makka. Qur'ani yenyewe inawatenga watu wa Kitabu na washirikina, kila mmoja kwa jina lake. Hilo nalo nilikufundisha."

Mukhlis akaweka vijiti chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake. "Sawa. Tuseme aya ile inawahusu. Wako karibu kwa mapenzi, hawajivuni, wana huruma mpaka wanalia. Basi baba alipokuwa barabarani amelala, walikuwa wapi? Nani alilia? Maiti yake ililetwa na askari, Mama. Askari! Watu wa Amaputi wanaishi pale pale kando ya barabara, hakuna hata mmoja aliyefungua mlango. Nionyeshe machozi ya mmoja wao, mmoja tu, nami kesho nitaibeba nguzo yao peke yangu."

Jaleha akainuka. Kisha akaondoa sahani.

Bapa Raja alitangaza mkutano wa kijiji Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alhamisi wanawake walikuja darasani wakiwa wengi kuliko kawaida, hata wale wavivu wa kudumu. Maida walikwisha kuipita katika mzunguko huu wa pili, walikuwa mbali kabisa, kwenye Sura ya Nuru. Lakini Sarifa, mke wa fundi seremala, mwanamke mnene asiyeogopa kitu isipokuwa mjusi, hakuisoma aya aliyopewa. Aliufunga msahafu kwa adabu na kuuweka mapajani.

"Dada Jaleha, nisamehe. Nina swali, na ukinitazama kwa yale macho yako nitauliza hivyo hivyo."

"Uliza."

"Aya zote umetuuliza, na sisi je. Ya mizani ulituuliza, nikaumbuka mbele ya watu. Ya kusengenya ulituuliza, tukakoma wiki nzima." Wanawake wakacheka kidogo. "Ile ya Maida mbona hukutuuliza? Mara mbili tumepita, mara mbili umeruka. Sababu haiyafungi maneno, ndivyo ulivyotufundisha. Ile tu ndiyo ilifungwa?"

Jaleha alitazama chai yake, lakini safari hii haikumsaidia.

"Leo nendeni nyumbani," alisema.

"Tumekuudhi?"

"Nendeni, Sarifa. Mimi ndiye niliyewaudhi, ila hamjajua."

Wakaondoka wakinong'onezana mpaka barabarani. Akabaki peke yake na mkeka, akairudia siku ambayo kwa miaka ishirini na miwili hakumsimulia mtu.

Ilikuwa siku ya tatu tangu wakimbilie porini, kwenye mashamba ya sago nyuma ya mto. Mvua ilinyesha mchana kutwa, nzito, humwoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Jaleha alishuka mtoni kuteka maji, akaona mtumbwi umeingia kwenye mlango wa mto, na ndani yake mwanamume mmoja akipiga kasia. Alikuwa Minggus, ambaye Latif alizoea kumwuzia karafuu na kumtania kuhusu kipara chake. Mbele ya mtumbwi alilala mtu amefunikwa uso kwa shati jeusi, shati la kuendea kanisani.

Minggus alimkuta Latif barabarani rasini, amekwisha kufa, akambeba. Angeonekana na wale wageni wenye mapanga wangemuua, na angeonekana na wa kwake pengine wangemwita msaliti. Alimtoa Latif mtumbwini peke yake, akamlaza kwenye nyasi kama anamlaza mtoto aliyesinzia. Kisha akasimama kwenye mvua, mikono imening'inia. "Dada, nimechelewa," alisema. Alilia kwa sauti, mbele yake, mwanamume mzima. Mvua ilikuwa inawamwagikia wote wawili, lakini machozi ya mtu yanajulikana.

Na Jaleha alimfukuza. Hakumbuki alisema nini, anakumbuka tu kwamba alipiga kelele na kwamba mtumbwi ulirudi nyuma ukapotea katika mvua. Watu walipokuja mbio wakauliza nani amemleta, alisema askari. Siku ile alisema hivyo kwa hofu. Watu walikuwa hawana akili zao, angeweza kuulizwa ana nini na Wakristo hata wamletee maiti. Baadaye hofu ilikwisha lakini uongo ulikuwa umekwisha kukaa mahali pake. Akawa mjane wa shahidi. Akawa mwalimu. Hasira ilimwamsha alfajiri, ikamkatia kuni, ikamlelea mtoto. Alijua vizuri kabisa kwamba aya ile ikifunguliwa na yeye mwenyewe akaulizwa, na wewe je, jibu lake lilikuwa mtu mwenye kipara aliyesimama mtoni analia. Kwa hiyo aliifunga. Hakukosea kwa kutojua. Alijua.

Na sasa akimwambia mwanawe ukweli, atampoteza. Asipomwambia, mwanawe atasimama juu ya uongo wake na kuvunja kiapo cha mababu kwa jina la Mungu. Alipiga moyo konde mara tatu kabla ya Jumamosi, na mara tatu moyo ukamshinda.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kijiji, ule usio na kuta, upepo wa bahari unapita utakavyo. Wanaume walikaa katikati, wanawake kandokando. Haji Usemahu, mzee aliyehiji mara mbili na ambaye hawaruhusu watu wasahau, alizungumza kwanza na kwa muda mrefu. Mti uliokatwa na mla nguruwe, alisema, utasujudiwaje chini yake?

"Haji," Bapa Raja akasema, "zile tatu zilizobaki zilikatwa na nani? Na wewe umesujudu chini yake tangu una meno ya utoto."

Watu wakacheka. Mukhlis hakucheka. Alisimama akazungumza kwa upole na kwa mpango, aya kwa aya, na alipofika Maida alimtaja mama yake tena, kwa heshima, akimwinamia upande alipokaa. Ukumbi ulikuwa unamwelekea yeye. Mtu angeweza kuuona uamuzi ukikomaa kwenye nyuso.

Jaleha akasimama.

"Bapa Raja, naomba ruhusa."

"Mwalimu, wewe huombi."

"Leo naomba." Alishika nguzo ya ukumbi. "Tafsiri anayoitaja mwanangu ni yangu. Ni mbaya. Sababu ya kushuka niliyoitaja ni ya kweli, vitabu vinaitaja. Lakini nilipoifunga aya kwa sababu yake, niliiba. Nimewafundisha kanuni moja katika aya elfu sita, kisha katika aya moja nikaitupa, kwa kuwa aya ile ilikuwa inanitazama mimi."

"Latif hakuletwa na askari."

Akawasimulia. Hakupamba. Mvua, mtumbwi, shati jeusi, na mwanamume aliyelia. Alisema jina la Minggus kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Kisha akasema, "Nilimwona kwa macho yangu mtu ambaye Mungu amemweleza katika Kitabu. Nilimfukuza. Kisha nikakaa mbele yenu nikasema watu wa namna hiyo waliishi zamani, Uhabeshi."

Alimtafuta mwanawe kwa macho. Mukhlis alikuwa bado amesimama.

"Jioni ile ulikaa mbele yangu," alisema polepole. "Nilikuomba chozi la mtu mmoja, nikaahidi nitaibeba nguzo yao peke yangu. Ulikuwa nalo. Ukaondoa sahani."

"Ndiyo."

"Nimewachukia tangu nina miaka saba, Mama. Nimewachukia kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu."

Mukhlis alitoka ukumbini. Kwa kuwa hauna kuta, watu wote walimwona akienda mpaka alipoishilia nyuma ya minazi, na Jaleha akabaki amesimama pale, hana la kufanya na mikono yake.

Bapa Raja hakuwa mtu wa kupoteza wakati. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Haji Usemahu akasema yeye atakwenda kusali kijiji cha pili, na kweli akaenda, mpaka alipochoshwa na ule mlima. Wengine hawakupinga, na Bapa Raja akasema nguzo ipokelewe.

Usidhani kwamba Jaleha alibebwa juu juu kwa kusema kweli. Alhamisi iliyofuata, kati ya wanawake ishirini na sita walikuja tisa. Mjane mmoja alimsimamisha njiani na kumwambia, "Mimi wangu hakuletwa na mtu yeyote. Ulivyokuwa unalia nami kila mwaka, ulikuwa unalia nini?" Sarifa alikuja, akakaa mbele kabisa, akasema kwa kuwa nafasi imepatikana leo atanyoosha miguu. Mukhlis alilala msikitini. Alikuja nyumbani kuchukua nguo, akasalimia kama anavyosalimia mgeni, akaondoka. Siku kumi hivi. Mwanamke yule ambaye ukimya ulikuwa silaha yake sasa alionjeshwa ladha yake, na alikonda.

Nguzo ililetwa Jumapili, Amaputi walipotoka kanisani. Boti tatu zilizungukia rasi, ile ya katikati ikivuta gogo refu lililochongwa, jeusi kwa maji, na watu wamevaa bado nguo zao nyeusi za ibada wakiimba na kupiga ngoma. Desturi ni kwamba nguzo haigusi mchanga kabla ya mabega ya pande zote mbili kuingia chini yake. Kwa hiyo wanaume wa Hatulesi waliingia baharini mpaka kiunoni kuipokea. Jaleha alikuwa ufukoni pamoja na wanawake, akihesabu vichwa, akamwona Mukhlis majini, amepandisha saruni, wa kwanza kwenye mstari.

"Aliahidi ataibeba peke yake," Sarifa akamnong'oneza. "Mwambie kijana aache makuu, atavunjika mgongo."

Wakainua. Wa Amaputi upande huu, wa Hatulesi upande ule, wengine wanalia na wengine wanatukanana kwa furaha kuhusu nani mvivu. Gogo likapanda ufukoni likielekea msikitini, na watu wote wakalifuata. Boti zikabaki zikicheza kwenye mawimbi. Katika mojawapo alibaki mzee mmoja mwenye kipara, amekaa wima, mikono juu ya magoti, shati jeusi limefungwa vifungo vyote.

Mukhlis ndiye aliyegeuka. Alimwachia mwingine nafasi yake chini ya nguzo, akarudi majini mpaka kwenye boti, akashika ubavu wake.

"Wewe ndiye Oom Minggus."

"Ndiye mimi."

"Nilisema mimbarini mti wako usipokelewe."

"Nimesikia. Kisiwa hiki kidogo, mwanangu, ukipiga chafya huku sisi kule tunakutakia afya."

Mukhlis hakuweza kutabasamu. "Mbona hukuja hata siku moja? Miaka yote hii. Ungeniambia mwenyewe. Na mbona hushuki sasa? Nguzo uliyoichagua inasimamishwa, wote wamekwenda."

Mzee alitazama magoti yake. "Siwezi kushuka. Nimekatazwa."

"Na nani? Na Bapa Raja?"

"Na mama yako." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja siku ya sokoni. "Siku ile mtoni. Aliniambia, usikanyage tena ardhi ya Hatulesi maisha yako yote. Ndugu wa pela akiamuru, halikataliwi. Na hajaliondoa."

Jaleha alikuwa amekaribia, amesimama pale maji yanapoanza, na alisikia. Hakuwa na kumbukumbu ya neno hilo, lakini mara tu alipolisikia alilijua kuwa ni lake. Alikuwa amemwamuru, na yule mtu alikuwa ametii, misimu yote ya karafuu na ya durian, misiba na harusi, akiishi mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwake. Kwa mtu aliyekuwa akiwafundisha wenzake maana ya kutojivuna, hapakuwa na mahali pa kujificha.

Aliingia baharini na kanga yake ya sikukuu, mpaka magotini, mpaka mapajani, mawimbi yakimsukuma. Alilia waziwazi na hakujifuta.

"Kaka Minggus. Nililisema neno lile. Naliondoa. Shuka."

Mzee alijaribu kusimama. Magoti yalimkatalia, akakaa tena, akacheka kwa aibu. "Sasa nimeruhusiwa na miguu imegoma. Nipeni dakika."

Mukhlis alimtazama mama yake, kwa mara ya kwanza tangu mkutano, kisha akaigeuzia boti mgongo, akachutama ndani ya maji mpaka yakamfika kifuani.

"Panda, Oom," alisema. "Nishike shingoni."